Ngeu ya Baba Anjela

Jumatatu, 28 Julai

Nimesaga ngeu asubuhi, ile rangi nyekundu ya maseremala. Jiwe dogo tu. Limetoa unga wa kujaza kikombe. Nimechekecha kwa kipande cha khanga, nikakanda na maji, nikafinyanga matonge. Yako juani kwenye ungo. Mikono myekundu mpaka viwikoni. Huwa naitazama kidogo kabla sijanawa. Baba Anjela alipenda kusema nimetoka kuchinja.

Mfuko wa mawe umebaki robo. Mawe ya mwisho aliyoyaleta. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda basi la Mlimba, akashuka Mngeta, akaenda kilimani, akalala kwa dada yake Rozina, kesho yake akarudi na mfuko begani. Mimi nasaga, yeye anatumia, yanayobaki tunawauzia mafundi wenzake. Wanaloweka tonge, wanapitisha uzi, wanauvuta juu ya ubao na kuuachia. Pa! Mstari mwekundu, umenyooka. Vijana siku hizi wanatumia unga mweusi wa betri kuukuu. Unachafua mbao. Fundi anayejiheshimu anataka ngeu.

Hakuna mwingine Ifakara mwenye wekundu ule. Zamani tulinunua ya dukani, hafifu, karibu na rangi ya waridi. Safari za Mngeta alizianza mwaka ule mpunga wetu ulipoliwa na ng'ombe. Tangu hapo rangi ikawa ya kwetu wawili. Mimi na yeye basi.

Misa yake ya kumbukumbu ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Kaburi limeshajengewa matofali. Nataka kulipaka mkanda mwekundu chini, kulizunguka lote, kama nilivyoipaka nyumba yetu ya kwanza ya udongo. Kwa mkono wangu. Mawe yaliyobaki hayatoshi. Itabidi niende kilimani mwenyewe.

Jumatano, 30 Julai

Nimepeleka matonge kwa Gaspari, hapa hapa Kibaoni. Baba Anjela ndiye aliyemfundisha useremala. Benchi analotumia ni la marehemu.

Juu ya benchi, tonge la ngeu. Si langu. Kubwa, la duara, lina alama za vidole.

Nikamwuliza kalipata wapi. Akajibu kwa furaha, mjinga yule: "Kuna mama mmoja wa Kisukuma, anatoka Mngeta. Anapita Jumamosi. Mama, iko sawasawa na ya mwalimu wangu. Sawasawa kabisa!"

Nikalowesha kidole, nikasugua. Kweli. Wekundu uleule.

Nimeona wivu. Naandika hivyo hivyo, hakuna anayesoma. Sijala mchana.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimemsubiri kwa Gaspari tangu asubuhi. Nilijidai nakagua kabati.

Amekuja na baiskeli, ndoo imefungwa nyuma. Mdogo kwangu. Mrefu. Ana mwanya mbele, na anajua kwamba anao, maana anacheka kwa sababu zisizo na maana. Anaitwa Mama Kulwa.

Mimi na wafugaji hatuna mazungumzo. Ng'ombe wao walipoingia shambani kwetu, mpunga ulikuwa unachanua. Asubuhi tulikuta matope na kwato. Niliapa mbele ya Baba Anjela: kitu cha mfugaji hakitaingia mlangoni kwangu. Si maziwa, si nyama, si salamu. Sijavunja. Kilo ya nyama nanunua kwa mtu ninayejua ng'ombe wake kamtoa wapi.

Leo nimevunja ile ya salamu. Kasema shikamoo mama, nikaitikia. Nikamwuliza nani kamwonyesha jiwe lile.

"Fundi mmoja, mama. Ni marehemu sasa. Fundi Kasiani."

Kasiani ni Baba Anjela. Yule anayepiga randa akashindwa kujizuia: "Kumbe fundi alifungua tawi Mngeta!" Wakacheka. Gaspari akamrushia kipande cha mbao.

Mwanamke akanitazama. "Ni wewe Mama Anjela? Wewe unayetia chumvi kwenye chai?"

Chumvi kwenye chai. Nilianza nikiwa na mimba ya Anjela na sijaacha. Mbele ya wageni natia sukari. Hakuna anayejua nje ya nyumba hii. Alijua mtu mmoja.

Nimeondoka bila kuaga.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafua shati.

Kichwani, nasema. Lile shati la kijivu alilolivaa safari zote za Mngeta. Kila mwaka lilirudi linanuka moshi na zizi. Nikimwuliza anasema ni abiria wa kwenye basi. Nami nikaloweka, nikasugua, nikaanika. Kila mwaka nimefua harufu ya nyumba ya mwanamke yule kwa sabuni yangu mwenyewe.

Sijamlilia leo. Nimemkasirikia. Ni vigumu kumkasirikia mtu asiyeweza kujitetea. Unabaki unajibu pande zote mbili.

Jumanne, 5 Agosti

Mngeta, kwa basi. Wifi Rozina alinipokea barabarani kwa utani wake: "Wifi, umekonda mpaka kivuli kinakuonea huruma." Akanipa wali na kambale. Nikala kwa adabu. Kisha nikamwuliza: kaka yako alikuwa analala chumba gani?

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Kulala? Hapa? Kaka alikuwa anapita asubuhi, anakunywa chai, anakwenda kupanda basi. Ananuka moshi huyo! Nikamwambia, kaka, umekuwa samaki wa kubanika? Kulala hajalala hapa tangu tulipomzika mama."

Nikasema labda nimesahau.

Bado tulikwenda kilimani. Ngeu ya kaburi lazima ipatikane. Upande mmoja malori yanasomba moramu ya barabara. Upande wa kijito hakuna mtu, na pale mawe yametokeza kingoni, tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizogandana. Mazito. Ya rangi ya kutu, kahawia na manjano. Nikajua wekundu uko ndani. Nikajaza mfuko.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alituambia mawe ya namna hii ni chuma kilichotua chini ya maji zamani sana, kidogo kidogo kama tope, kikakaukia humo. Alisema wazee waliyachoma kwa mkaa na mivukuto wakapata majembe. Nilimsimulia Baba Anjela tulipokuwa wachumba. Akasema, basi fundi anapiga mstari kwa kutu ya jembe. Alilipenda sana neno lake hilo. Alilirudia kwa watu wengi.

Sijui alilirudia kwa nani huku.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesaga. Manjano.

Nimepasua jingine. Manjano. Nimepasua mfuko mzima kwa nyundo yake. Yote manjano, mengine kahawia kama ugoro. Hakuna jekundu hata moja.

Nikapeleka tonge dogo kwa Gaspari, labda likikauka litageuka. Yule wa randa akanusa. "Mama Anjela, hii ni ya ubao au ya pilau? Maana ni bizari hii." Nikacheka nao. Nimefika nyumbani nikalia mpaka kwikwi.

Nimeelewa sasa. Mawe hayakuwa yanaokotwa mekundu. Kuna kitu yalifanywa, huko alikolala. Rangi niliyosaga miaka yote, niliyojivunia sokoni na kanisani, nusu yake ilitoka kwa yule. Hakuniachia hata ngeu.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijaandika. Sikuwa na la kuandika ila lilelile.

Nimepita mbali na karakana ya Gaspari nisimwone Mama Kulwa akiuza. Nikamwona. Alikuwa anamchekea Gaspari kwa mwanya wake. Nikafikiria kununua yake, nipake kaburi, yaishe. Kisha nikafikiria mkanda ule kulizunguka kaburi la mume wangu, rangi ya mkono wa mwanamke mwingine, watu wote wakisema umependeza. Hapana. Afadhali liwe la matofali matupu.

Wifi kapiga simu. Nikamweleza yote, hata chumvi. Nilitegemea atanionea huruma. Akasema: "Twende tukamwulize. Au unataka kufa na swali shingoni kama hirizi?" Wifi hana ulimi wa kupoza.

Jumatano, 20 Agosti

Tumekwenda. Naandika yote kwa mpangilio nisije nikaongeza.

Boma lao liko karibu na kile kijito, mwendo mfupi tu kutoka kwenye mawe. Zizi kubwa, nyumba ndogo. Mama Kulwa alituona kwa mbali, akaweka chini alichobeba. Hakucheka. Akatutolea vigoda. Akaja na mumewe, Mzee Masanja, mzee wa fimbo, mguu mmoja hauinuki vizuri. Sikutegemea mume. Nilikuwa nimeshamfanya mjane kama mimi.

Nikauliza moja kwa moja. Mume wangu alikuwa analala hapa?

Mzee ndiye aliyejibu. Akanyoosha fimbo pembeni ya zizi: "Pale. Na mimi. Tunalinda moto."

Palikuwa na shimo la majivu. Mama Kulwa akanionyesha. Mawe ya kilimani wanayapanga ndani ya chungu kilichovunjika mdomo. Wanafunika kwa kigae. Wanalundika mavi makavu ya ng'ombe juu na pembeni, wanawasha. Moto wa kuni una haraka, unapasua mawe. Wa mavi ni wa polepole, unakula jioni mpaka asubuhi bila kelele. Ila lazima mtu akae auongeze. Asubuhi ukifunua, manjano yamekuwa mekundu. Akaniwekea mkononi jiwe moja kutoka kwenye majivu. Bado lilikuwa na joto.

Wifi akauliza: fundi alijuaje hapa?

Mzee Masanja akalaza fimbo chini. Kisha akasema: "Mama, ng'ombe waliokula mpunga wenu walikuwa wangu."

Baba Anjela aliniambia wafugaji wale walikimbia hawakujulikana walikokwenda. Hawakukimbia. Walihamia huku, naye aliwafuata kwato kwa kwato, siku ile aliyoniaga kwamba anatafuta kazi. Alifika na panga na hasira. Mvua kubwa ikamkuta hapo. Wakampa sehemu ya kukaa karibu na moto. Mafiga ya Mama Kulwa yalikuwa mawe ya kijito kile, moto umeyageuza mekundu kama damu. Fundi hakudai tena kwa sauti. Akaanza kusugua mafiga kwa kidole.

"Nikamtolea ng'ombe mtamba," mzee akasema. "Mtamba mzuri. Akasema hapana, mke wangu ameapa. Kitu chenu hakiingii kwangu. Nikamwambia, sasa nitakulipaje? Akasema, nilipe moto."

Nilipe moto. Nilisikia sauti yake kabisa.

Kila mwaka walimlipa moto. Nami kila mwaka nilipokea fidia, nikaisaga, nikaiuza, nikidhani nimesimama kwenye kiapo changu.

Mama Kulwa akasema: "Alikuwa anatuambia, mke wangu akijua ni mavi ya ng'ombe wenu hataigusa tena. Na hakuna anayesaga kama yeye." Wifi akacheka hadi akajishika ubavu. Mimi sikucheka. Bado nasema walikosea kuachia ng'ombe wale.

Ijumaa, 22 Agosti

Nilidhani wivu utaisha. Haukuisha. Umehama tu.

Hakuwa na mwanamke. Naamini. Mzee yule hana uso wa kuficha. Lakini usiku ule wa kila mwaka alikaa kwenye moto na watu wengine akisimulia. Walijua chumvi yangu. Walijua Anjela alichelewa kutembea. Mama Kulwa aliniambia, kama mtu anayetoa zawadi, kwamba fundi alikuwa anaimba akilinda moto. Nikauliza wimbo gani. Akaimba kidogo. Siujui.

Hakuwahi kuimba humu ndani. Hata kanisani alifungua mdomo tu.

Ndio huo unaoniuma leo. Si mwanamke. Wimbo.

Na mimi nina vyangu. Alivyokuwa ananitolea vumbi la mbao za mninga jichoni kwa ncha ya khanga yangu. Alivyolala na penseli sikioni. Sikumwambia Mama Kulwa hata kimoja. Hivyo hapewi.

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ile tulipotoka bomani nilirudi na gunia la mavi makavu kwenye basi. Kondakta: "Mama, umebeba nini?" Nikasema dawa ya mawe. Abiria wakafungua madirisha.

Halikupita mlangoni. Nimelizungusha nyuma ya nyumba. Kiapo ni kiapo.

Jana jioni nimepanga mawe yale niliyoyapasua kwenye chungu changu cha zamani, nikalundika, nikawasha. Nimekaa na moto kama alivyokaa. Nilijaribu kuimba, nikaona aibu ya majirani. Asubuhi nimefunua. Mengi mekundu. Machache katikati bado meusi na kahawia, nadhani nilibana sana kigae. Lakini mekundu ni mekundu kweli. Nimelia kidogo, kwa furaha na kwa moshi.

Nimesaga mpaka mabega yanauma. Nimechanganya na uji mwepesi wa muhogo ishike kwenye matofali. Nimepima kwa macho. Na mawe ya mwisho ya Baba Anjela nikiongeza, inatosha pande tatu. Upande wa nyuma umebaki.

Ijumaa, 5 Septemba

Makaburini na wifi, tangu asubuhi.

Nilileta uzi wake. Gaspari aliurudisha mwenyewe bila kuombwa. Wifi akashika mwisho mmoja, mimi mwingine, tukauvuta kwenye matofali, nikauachia. Pa! Mstari ukakaa. Nikapaka chini yake. Mbele kwanza, palipo na jina. Kisha kulia, kisha kushoto. Rangi ikaishia pale pale nilipokisia.

Mama Kulwa alikuwa amesimama kwenye ua wa miti, ameshika ndoo. Sijui nani kamwambia. Wifi akawa anatazama mawingu kwa bidii sana, nikajua ni nani.

Hakusogea. Hakuita. Alisubiri kama mtu anayesubiri bei.

Nilimaliza kusafisha brashi. Nikaisafisha tena. Nilifikiria wimbo. Nilifikiria mtamba aliyekataliwa, na shati la kijivu. Nikaona upande wa nyuma, matofali matupu, unaotazama kichaka. Watu hawapiti huko.

Nikamwita. Nikamwambia: "Mbele ni kwangu. Wewe chukua nyuma."

Akasema, "Ahsante, dada." Si mama. Dada. Nikaacha ipite.

Wifi alimshikia uzi. Mimi nilikaa chini, miguu nimeinyoosha, nikiangalia kwingine. Alipokuwa anapaka aliimba polepole, ule ule. Sikumwambia anyamaze. Ulipofika mwisho akauanza upya, na mara ya pili nilikuwa nimeshashika mwanzo wake.

Jumapili, 7 Septemba

Misa ilikuwa jana. Anjela alikuja na watoto. Watu walikula, walisema kaburi limependeza. Gaspari alilia waziwazi. Wageni wameondoka leo asubuhi, nyumba imetulia. Nimeosha masufuria. Nimekunywa chai yangu na chumvi.

Jioni nimepita makaburini peke yangu kuchukua ndoo niliyoisahau. Jua lilikuwa upande wa kichaka. Nimezunguka kwenda nyuma, kuangalia tu.

Mkanda wake umenyooka kuliko wangu. Sitamwambia.